Simu ya muziki: ugomvi wangu na binamu wa Aggrey

Mimi ni fundi mitambo. Harusi, sendofu, ubarikio, kikao cha ukoo, hata msiba ukihitaji maiki moja na spika mbili za uani, naitwa. Nakaa Tandika, vyombo vyangu vimejaa chumba cha nyuma, na kazini pembeni ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, huwa nina simu mbili. Moja ni ya kioo kikubwa, kama ya kila mtu. Nyingine ni Nokia 5310 XpressMusic, ile nyembamba yenye mikanda myekundu ubavuni. Hiyo ya pili ndiyo inayowachekesha watu. Anayecheka kuwazidi wote ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeuza simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na ambaye kwa biashara yake anaamini simu ikishamaliza miaka mitatu inastahili kuombewa dua.

Ubishi wetu haujaanza jana. Yeye anasema hakuna tena kitu kinachoitwa simu ya muziki, kwa sababu kila simu inapiga muziki. Kusema "simu ya muziki" mwaka huu, kwa maneno yake, ni kama kusema mwavuli wa mvua. Mimi nasema ipo, ila watu wanaitafuta kwa alama isiyo yake. Wanauliza sauti. Sauti nzuri hata kimeo kitakupa ukikichomekea hedifoni ya maana. Mimi naangalia mambo mawili: je, naweza kuiendesha bila kuitazama? Na wimbo ukishaanza, kuna kitu chochote ndani ya simu kinachoruhusiwa kuukatiza? Kwa hayo mawili naitetea 5310 mbele ya yeyote. Kwa mengine binamu ananibana, na pengine ananishinda kabisa.

Wadogo zetu huenda hawajui kwamba kulikuwa na msimu kampuni za simu ziligombania masikio ya watu kama sasa zinavyogombania kamera. Mwaka 2005 Sony Ericsson walitoa W800, simu ya kwanza kubeba jina la Walkman, jina ambalo Sony walilianzisha kwenye kaseti ya mfukoni mwaka 1979. Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya MB 512, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa nafasi ya kutambia. Mwaka huohuo Motorola wakaleta ROKR E1 yenye programu ya iTunes ya Apple, wakaifungia isibebe zaidi ya nyimbo 100 hata ukiiwekea kadi yenye nafasi ya zaidi. Simu ya muziki inayokuhesabia nyimbo! Binamu huitaja hiyo kila nikianza kusifia zamani. Nokia wao wakaja na XpressMusic: 5300 ya kusukuma juu mwaka 2006, 5310 mwaka 2007, na 5800 ya kugusa kioo mwishoni mwa 2008.

Hii 5310 ina gramu 71 na unene wa milimita 9.9. Waliitengea chipu yake ya sauti. Kichwani ina tundu la jeki ya milimita 3.5, na kushoto mwa kioo kuna vitufe vitatu vya muziki vilivyopangwa wima: wa nyuma, piga na simamisha, wa mbele. Hilo tundu la 3.5 leo linaonekana kitu cha kawaida, lakini simu nyingi za wakati ule zilikuja na midomo yao ya ajabu. Hedifoni ikikatika waya unazunguka Kariakoo nzima kutafuta ya aina ileile. Na hata zilizokuwa na tundu, kama 5300, lilikuwa dogo la 2.5 linalohitaji kiunganishi, na kiunganishi ndicho kitu cha kwanza kupotea kwenye nyumba yenye watoto.

Sasa twende ukumbini, maana huko ndiko ninakoipimia simu.

Maharusi wanataka kuingia. MC ameshaomba watu wasimame, taa zimepunguzwa, wapambe wamejipanga mlangoni wawili wawili, na mtu wa video ananipungia mkono, sijui ana maana twende au subiri. Muda huo macho yangu yanatakiwa yawe mlangoni tu. Kidole gumba kimelala juu ya kitufe cha katikati cha ile Nokia. Nakijua kilipo kwa kupapasa: kuna mpaka mwembamba kati ya kitufe na kitufe, kidole kikishuka kutoka juu kinavuka mpaka mmoja, kinasimama. Wimbo nimeshausimamisha kwenye sekunde ya kwanza. Bibi harusi akikanyaga zulia, nabonyeza. Kitufe kinazama kidogo, kinajibu kwenye ncha ya kidole, na muziki uko hewani. Sijatazama chini, na mkono wa kulia muda wote uko kwenye kidhibiti cha sauti.

Fanya hivyo na simu ya kioo. Kioo kimejizima. Ukikiamsha kinadai alama ya kidole, na kidole kina jasho. Kikikubali, mwanga unakupiga machoni na mlango huuoni tena. Unagusa pembetatu ya kuanzisha, haijibu, unagusa tena, kumbe ya kwanza ilishaingia, sasa umeanzisha na kusimamisha kwa mpigo. Binamu ana dawa ya kila kitu: "Si uiweke isijizime, Fundi?" Unaweka. Basi mkono wa shati unagusa kioo, wimbo unarukia mwingine, na bwana harusi anaingia kwa wimbo wa kukata keki.

Halafu kuna ule mlio wa ujumbe. Kila aliyehudhuria sherehe za mji huu ameshausikia: mchungaji au shehe ameinua mikono, ukumbi kimya, spika za inchi kumi na tano zinatoa mlio wa WhatsApp. Kwa mafundi wenzangu nimeshuhudia zaidi ya hapo. Simu imeingia katikati ya wimbo wa wazazi, na mlio aliouweka mwenye simu haukuwa wa kupigwa mbele ya wakwe. Mimi ile Nokia nikifika ukumbini naitia hali ya ndege. Haina mtu wa kumtafuta, haina kundi la wanaukoo, haina taarifa ya kwamba bando limebaki asilimia kumi. Ina nyimbo.

Binamu husema hata simu ya kioo ina hali ya ndege. Ni kweli, ina. Ila jaribu uone ni nyimbo ngapi zitaendelea kupiga ukishaiweka. Kwa wengi, nyimbo hazimo ndani ya simu. Zinavutwa mtandaoni wimbo kwa wimbo, na mwenyewe amesahau kabisa kwamba hazimo.

Hapo ndipo ninapomshinda. Sasa nieleze ninaposhindwa.

Kubwa la kwanza ni lile nduru la "titi-titi-titi". Unalijua: umekaa karibu na redio, ghafla inakoroma kwa mapigo, halafu simu inaita. Simu za 2G hurusha mawimbi yake kwa vipande vifupi vifupi, kama mara 217 kwa sekunde, na waya wowote wa sauti ulio karibu unaugeuza mtindo huo kuwa ngurumo. 5310 haijui 3G, haijui 4G. Ni mtoto wa 2G mpaka kwenye mfupa. Ukiiacha na laini iko hewani, imelala juu ya mikisa na waya wake umechomekwa palepale, kila ikiwasiliana na mnara ukumbi utasikia. Simu mpya kwenye 4G hazina tabia hiyo kwa kiwango kile. Kwa hiyo simu ninayoisifia kwa kutokatiza muziki, ukiiacha iwe simu, ndiyo inayokatiza kwa fujo kuliko zote. Hali ya ndege kwangu ni lazima, na binamu analijua hilo, na hulisema mbele za watu.

La pili lilinikutanisha na kijana mmoja wa jirani. Alikuwa na 5310 ya marehemu baba yake, akanunua hedifoni mpya za kuchomeka sikioni, za bei nzuri tu, akaja kwangu analalamika: "Kaka, simu imemeza mwimbaji." Nikachomeka nikasikiliza. Kweli. Gitaa lipo kwa mbali, mwangwi upo, waitikiaji wanasikika wako chooni, lakini mwimbaji mwenyewe hayupo. Alishaambiwa na mtu kwamba chipu ya sauti imekufa.

Chipu ilikuwa nzima. Tazama jeki ya hedifoni yenye maiki: ina vipande vinne vya chuma vilivyotengwa na pete nyembamba nyeusi. Ncha ni kushoto, kinachofuata ni kulia, halafu viwili vya mwisho ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, na maiki. Simu za zama zile, Nokia zikiwemo, zilipanga hivyo viwili vya mwisho kinyume na simu za leo. Ukichomeka hedifoni ya leo kwenye simu ya zamani, ardhi ya hedifoni inakutana na mguu wa maiki. Umeme wa sauti hauna njia ya kurudi, spika ya kushoto na ya kulia zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na unachosikia ni tofauti iliyopo kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji karibu siku zote hurekodiwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili. Sawa ukitoa sawa, hupati kitu. Anayebaki ni yule aliyewekwa pembeni.

Nikamwambia abonyeze kile kitufe kidogo cha kupokelea simu kwenye waya, akishikilie. Akashikilia, macho yakamtoka. Mwimbaji karudi. Kile kitufe kinaunganisha maiki na ardhi, kwa hiyo njia inapatikana. Lakini nani atasikiliza muziki ameshikilia kitufe kutoka Tandika mpaka Posta? Tukamtafutia hedifoni za zamani zisizo na maiki, zenye vipande vitatu tu kwenye jeki, na mambo yakaisha. Mimi kwenye mikisa natumia waya wa vipande vitatu, hivyo halinigusi. Mtu wa kawaida linamgusa sana, maana madukani siku hizi karibu kila hedifoni ya waya ina maiki.

Tuje kwenye kuingiza nyimbo. Hapa naona binamu anapokuwa na haki ananyanyua sauti zaidi.

Zamani ilikuwa rahisi kwa namna yake. Mtaani kulikuwa na kibanda chenye kompyuta, spika mbili nje, na karatasi imebandikwa: tunaingiza nyimbo. Unatoa memori kadi, unamwambia kijana akujazie taarabu kwa mama, dansi kwa mzee na Bongo Fleva kwako, unalipa, unaondoka. Baadhi ya vibanda hivyo bado vipo ukienda Mbagala au Manzese. Ulichokuwa unapewa ni kitu kingine. Wimbo unaitwa "Track 07". Mwingine una jina la msanii ambaye siye. Mwingine katikati yake kuna DJ anajitangaza kwa sauti nzito, na huwezi kumtoa. Ukifungua orodha ya wasanii kwenye 5310 unakuta "Msanii hajulikani" ana nyimbo mia nne. Na hapo hujaongelea kwamba msanii mwenyewe hakuona hata senti. Binamu ananiambia: "Fundi, hizo simu zako zilikula jasho la watu. Leo mtu akisikiliza kwa programu ya Boomplay, angalau kuna hesabu inafanyika mahali." Sina jibu la hilo. Naweza kusema malipo ni kiduchu, lakini kiduchu na sifuri si kitu kimoja.

Nafasi nayo ina hesabu zake. Wimbo wa MP3 wa kbps 128, yaani kipimo cha data kwa kila sekunde, unakula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4, na kadi ya GB 4 inabeba kama nyimbo elfu moja. Ni nyingi kwa masikio ya kwenye daladala. Lakini mimi napigia spika kubwa, na 128 kwenye spika kubwa inajulikana: matoazi yanakuwa kama maji yanayomwagwa, hasa kwenye singeli ambayo midundo yake inapita 200 kwa dakika na kila kitu kinagongana juu huko. Kwa hiyo nataka 320, na hapo wimbo uleule unakaribia MB 10, kadi ileile inabaki na nyimbo kama mia nne. Zinanitosha kwa sherehe moja kwa sababu nazipanga nyumbani, folda kwa folda: kuingia, chakula, keki, zawadi, wazee, vijana. Usiku nikifika MC akisema "Fundi, wazee wachangamke", najua niende folda gani.

Tatizo ni pale MC anaposema kitu ambacho sikupanga. Wimbo umetoka asubuhi, kufika saa tatu usiku kamati yote inautaka. 5310 haina cha kufanya. Ukiutafuta kwa EDGE, intaneti ya polepole ya 2G, utaupata maharusi wakiwa na wajukuu. Ndiyo maana nina simu ya pili mezani, ya kioo, yenye bando, imekaa upande wa pili wa mikisa kwenye chaneli yake na imezimwa milio yote. Binamu akija ukumbini huielekeza kidole hiyo, hasemi kitu, anatabasamu tu.

Lakini tabasamu lake nalo lina matundu. Yeye kwa muda mrefu amekuwa akiniambia simu halisi ya mwisho ya muziki hapa mjini ilikuwa Tecno Boom J8 ya mwaka 2016, iliyokuja na hedifoni kubwa za kufunika masikio ndani ya boksi. Na kweli, kwa miezi ile ukipanda daladala yoyote uliziona hedifoni zile shingoni mwa vijana, hata wale ambao simu yenyewe hawakuwa nayo. Boomplay ilianza mwaka 2015 ikiwa ndani ya simu za Tecno, na siku hizi iko kwenye simu za kila aina. Nilipomuuliza sasa Boom J8 ilikuwa na kitu gani cha muziki ukiondoa hedifoni na programu, akaanza kuhesabu: nguvu ya besi, programu ya kurekebisha sauti, jina. Kitufe? Hakuna. Ukichomoa hedifoni ukafuta programu, unabaki na simu ya kioo ya kawaida, nzuri tu, lakini ya kawaida. Nikamwambia basi hata sufuria ukiiuza na hedifoni itakuwa ya muziki. Hakuongea na mimi mpaka chai ikaisha.

Walio wagumu zaidi kwenye sauti watakutajia LG V20, nayo ya 2016, iliyokuwa na vigeuzi vinne vya kugeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti vikifanya kazi pamoja kwenye tundu la hedifoni. Hiyo niliisikiliza kwa mtu, na ukiipa wimbo uliorekodiwa vizuri, ngoma za dansi za zamani unasikia mpaka ngozi ilivyokazwa. Ila wangapi tuna hedifoni za kuistahili? Na LG mwaka 2021 walitangaza kuacha kabisa biashara ya simu, mwaka 2016 huohuo iPhone 7 ilikuja bila tundu la jeki, na simu nyingi za bei kubwa zikafuata. Jambo la kuchekesha ni kwamba leo ukitaka tundu la 3.5 unaliona zaidi kwenye simu za bei ya chini na visimu vya tochi. Bluetooth kwa fundi mitambo mimi siitaki: unabonyeza hapa, sauti inatoka baadaye kidogo, na mtu mnene akipita kati yako na spika mnaanza kuulizana.

Kuhusu spika ya simu yenyewe sina maneno mengi. Ya 5310 ya 2007 ni moja, nyembamba, ya kusikilizia wimbo jikoni ukiwa umesimama karibu. Waliotaka kelele walikuwa na zile za Mchina zenye spika kubwa mgongoni, taa za rangi na jina la kampuni lililokosewa herufi moja. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, nyingi zilipoteza mtandao siku moja. Ya jirani yangu mmoja haikutupwa. Ilihamia dirishani kwa mama ntilie wake, ikawa inapiga taarabu kutwa bila laini, na nadhani ndipo ilipofanya kazi yake vizuri kuliko wakati wowote.

Mwaka 2020 HMD Global, kampuni iliyokuwa ikitengeneza simu kwa jina la Nokia, walitoa upya Nokia 5310, mistari ubavuni ipo, jina lipo. Binamu aliileta dukani kwa mbwembwe akidhani atanimaliza: "Haya Fundi, mpya hiyo, achana na mtumba." Tukaikagua pamoja juu ya kabati la kioo. Spika mbili, zinatazama mbele. Hapo imeizidi ya zamani kwa mbali. Redio ya FM inashika bila kuchomeka hedifoni, wakati ya zamani bila waya haishiki kitu kwa sababu waya ndio antena. Betri ni mAh 1200, ya zamani ni 860. Laini mbili. Kadi inafika GB 32. Vitufe vya muziki wamevihamishia ubavuni, pembeni kabisa. Kamera ni ya kupigia picha ya kumbukumbu ya kwamba ulikuwa na kamera. Na bado ni ya 2G, kwa hiyo nduru lile la "titi-titi" limerudi nalo upya kutoka kiwandani.

Sikuinunua kwa ajili ya kazi. Vitufe vya ubavuni ukiiweka simu mezani vinakutaka uishike, uinyanyue, wakati mimi nataka ilale chali nibonyeze kwa kidole kimoja. Ni jambo dogo, na kwa mtu mwingine halina maana yoyote. Kuna mzee wetu wa kijiwe cha kahawa hapa Tandika ambaye binamu alimuuzia hiyohiyo ya 2020, na yule mzee hataki kusikia habari ya simu nyingine. Anaiweka kwenye mfuko wa shati, redio inaongea asubuhi, jioni anahamia kwenye kadi yake ya dansi la miaka ya themanini, vikombe vya kahawa vinagongwa, na hakuna anayemwambia apunguze kwa sababu wote wanasikiliza. Anapanda daladala nayo mkononi dirisha likiwa wazi, kitu ambacho mimi na simu yangu ya kioo siwezi kukifanya pale foleni inaposimama na vijana wanapita katikati ya magari. Hakuna kibaka atakayekimbia kwa ajili ya kiswaswadu. Hilo ni jambo ambalo binamu halitaji anapouza simu ya milioni.

Nilimuuliza siku moja, kwa utulivu, kama mteja akija akamwambia "nataka simu ya muziki", anampa nini. Akasema anamuuliza kwanza: unasikilizia wapi? Akisema ndani ya basi, anampa ya kioo yenye tundu la jeki na kumwelekeza jinsi ya kupakua nyimbo akiwa na bando la usiku. Akisema shambani au kwenye lindo, anampa 5310 mpya na kadi. Akisema ukumbini? Binamu akacheka: "Huyo namleta kwako."

Kwa wanaoitaka ile ya 2007, maana najua nitaulizwa: nyingi zilizobaki zimeshafunguliwa, kava limebadilishwa, na nyingine zimejengwa upya kutoka kwenye vipande. Bonyeza *#06#, ile namba itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone jibu linasema ni simu gani, ulinganishe na unayoiona mkononi. Nenda na hedifoni yako ya vipande vitatu, chomeka, zungusha jeki taratibu. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limechoka. Bonyeza vile vitufe vitatu bila kutazama, kila kimoja mara nyingi, maana cha katikati ndicho kilichotumika kuliko vyote. Betri itoe uilaze juu ya kioo cha kabati uizungushe kwa kidole: ikizunguka kirahisi imevimba, omba nyingine. Na ukifika Aggrey kwa binamu, usimwambie nimekutuma mimi, atakuongezea bei.